Maji ya Betri ya Salim Bakuli

Betri ya lori ikichajiwa ina harufu yake. Ni harufu chachu ya kukereketa koo, hukaa kwenye nguo na kwenye nywele hata uoge vipi, nami nilizaliwa ndani yake, kwa maana baba yangu alikuwa fundi wa betri Changamwe na chumba chetu kilikuwa nyuma ya banda lake la kazi, kwenye uwanja wa malori. Wageni walipoingia kwetu walikohoa. Mimi nilipokwenda kulala kwa shangazi nilikosa usingizi kwa kuikosa. Basi mwaka ule nilipokuwa kidato cha pili, jua lilipokaza, nikaanza kusikia harufu nyingine juu ya ile ya kawaida. Ilikuwa kama ya dawa wanayotia visimani kipindupindu kikiingia. Nilimwambia Baba. Akanusa, akasema nina mafua. Leo mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, na masomo yangu yaliishia kidato kilekile cha pili, lakini nasema tena: sikuwa na mafua. Waliotuumiza nawajua kwa majina, na nitawataja mmoja mmoja, maana mwenye kovu usidhani kapoa. Ila kabla ya hapo niacheni nisimulie furaha, kwa sababu kiangazi kile, wallahi, sijapata kuona kingine kitamu kama kile.

Baba aliitwa Fundi Shee. Betri za wateja alizipanga juu ya mbao, kubwa za malori upande mmoja, ndogo za magari na redio upande wa pili, na juu ya kila moja aliandika jina la mwenyewe kwa chaki. Betri za wakati ule zilikuwa na vifuniko sita vya kuzungusha. Ukifungua unaona maji yamepungua, na kazi ya fundi ni kuyajaza. Lakini si maji yoyote. Maji yenye chumvi huua betri, hilo kila fundi alilijua. Kwa hiyo Baba alikinga mvua. Mvua ya kwanza aliiacha ioshe mabati, ya pili akaielekeza kwenye mapipa, na mapipa hayo hakuruhusiwa mtu kuyatia kata. Kipimo chake kilikuwa ulimi. Alichovya kidole, akalamba, akafumba macho, nasi tukangoja kama tunangoja mwezi uandame. Akisema "matamu" basi ni maji ya betri. Akitema, yaende kufua. Mafundi wengine walikuja na vichupa vyao kumwomba awalambie, maana ulimi wa Fundi Shee ulikuwa na sifa mpaka Miritini.

Mwaka huo vuli haikunyesha. Mapipa yalikauka, ikabaki chupa moja tu ya mvua ambayo Baba aliifunga na kuiweka juu ya kabati kwa ajili ya betri ya redio yake mwenyewe. Hapo ndipo akatokea Salim Bakuli, mtu wa kwanza katika orodha yangu. Alikuja na mkokoteni umejaa mitungi ya lita ishirini, akasema ni maji ya kiwandani, yamechemshwa na mvuke wake ukakingwa, maji ya betri hasa. Bakuli lilikuwa jina la utani: alitembea na kibakuli cheupe kiunoni ili kila mnunuzi aonje mwenyewe. Baba alilamba, akafumba macho. "Matamu," akasema. Akanunua mitungi minne siku hiyo, na kila wiki baada ya hapo.

Haikupita miezi miwili betri zikaanza kufa. Mtu analeta betri leo, anaichukua kesho imejaa, keshokutwa inashindwa kuwasha taa. Baba alizifungua, akakuta pleti za ndani zimeliwa zinamomonyoka kama mkate uliolowa. Hajawahi kuona kitu kama kile. Wenye malori nao wakaanza kunong'ona, na mnong'ono wa Changamwe hausafiri kwa miguu. Wakasema Fundi Shee anazitoa pleti nzima, anaiuza madini yake ya risasi kwa wayeyushaji, na kurudishia mbovu. Aliyelisema kwa sauti alikuwa Bwana Harun, mwenye malori sita, mjumbe wa kamati ya msikiti na wa halmashauri ya shule yangu. Huyo ni wa pili. Baada ya swala ya Ijumaa alikuja bandani na wenzake wapatao kumi, akasimama mlangoni kwa upole wote.

"Fundi, polisi hatuwataki," alisema. "Twataka yamini tu. Ushike msahafu, useme hukuuza risasi yetu wala hukuziharibu betri zetu. Ukishaapa, tumemaliza."

Baba alifuta mikono. "Kuuza sikuuza, hilo naapa sasa hivi. Lakini kuharibu sijui. Huenda ni mkono wangu. Nitaapaje juu ya nisilolijua?"

Mtu mwingine yeyote angeapa, akala chakula chake, akalala. Kwa wale wanaume kumi, aliyekataa kuapa alikuwa amekiri. Wakampa mpaka Jumapili ya wiki ya pili yake: ama ale yamini kamili, ama aondoke uwanjani na chaja zake zibaki kufidia betri zao. Chaja zile mbili ndizo zilizokuwa zikitulisha. Mama alilia. Baba aliwasha redio, ambayo betri yake, angalieni, ilikuwa nzima kama siku ilipotoka dukani.

Sasa njooni darasani. Mwalimu wa kemia alikuwa Mwalimu Nafula, mwanamke mfupi aliyetoka bara, ambaye Kiswahili chake tulikicheka nyuma ya mgongo wake na ambaye mikono yake niliipenda tangu siku ya kwanza. Jumatatu ile alitusimamisha mbele ya meza akiwa na vioo viwili vya majaribio. Kimoja kina chumvi ya jikoni iliyoyeyushwa, kingine kina naitreti ya fedha. Vyote viwili vilikuwa na maji maangavu, huwezi kujua kipi ni kipi. Akamimina kimoja ndani ya kingine. Lahaula! Maji yakageuka tui. Palepale, mbele ya macho, kitu kizito cheupe kikazaliwa katikati ya maji maangavu, kikaanza kushuka polepole kama mtindi unaojitenga. Yanaitwa mashapo, akatuambia. Nywele zilinisimama. Nilikuwa nimekulia kati ya asidi na cheche lakini sijapata kuona maji yakizaa.

Kisha akageukia ubao, na hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Aliandika mlinganyo mzima, mrefu kama treni ya mizigo: naitreti ya fedha na kloridi ya sodiamu, zikatoa kloridi ya fedha na naitreti ya sodiamu. Akatueleza kwamba chumvi ikiyeyuka haibaki kitu kimoja, inavunjika vipande vyenye chaji viitwavyo ioni, na kila ioni inaogelea peke yake. Akaziandika zote, nne kushoto, na kulia mbili zinazoogelea na mbili zilizoshikana zikawa mashapo. Halafu akachukua chaki nyekundu.

"Huyu sodiamu ameingia akiwa huru, ametoka akiwa huru. Amefanya nini hapa? Hakuna. Futa." Akampiga mstari. "Naitreti naye alikuja kuangalia tu. Futa."

Ikabaki hii, peke yake, katikati ya ubao mchafu: Ag⁺ + Cl⁻ → AgCl. Ioni ya fedha imekutana na ioni ya kloridi, basi. Akasisitiza tuweke zile herufi ndogo za kuonyesha kipi kimeyeyuka na kipi ni kigumu, maana mtahini hasamehi, na tuhesabu chaji pande zote mbili, chanya moja na hasi moja, sifuri. Upande wa pili sifuri. Akarudia na kloridi ya kalsiamu. Mlinganyo ulikuwa umejaa mbilimbili kila mahali, lakini alipofuta na kugawanya ukabaki uleule. Akarudia na kloridi ya amoniamu. Uleule tena! Akatugeukia akauliza, mkiyaona mashapo haya ndani ya maji msiyoyajua, mtajuaje kloridi imekuja na nani? Mimi niliyekuwa nikikaa nyuma na sketi yenye matundu ya asidi nikajikuta nimesimama.

"Si lazima kujua, mwalimu. Awe amekuja na sodiamu, awe amekuja na kalsiamu, ya kuandika ni haya tu."

Mwalimu aliweka chaki. "Kaa chini," akasema, na akatabasamu. Sikukaa; nadhani nilielea.

Wiki ile nilikuwa kichaa. Niliandika milinganyo kwenye ukuta wa choo, kwenye mifuko ya unga, kwenye mchanga wa uwanja wa malori. Nilipogundua kwamba ule unga mweupe unaoganda kwenye pleti za betri iliyokwisha ni ioni ya risasi iliyokutana na ioni ya salfeti, nilipiga kelele mpaka Mama akaja mbio na mwiko. Mashapo! Kumbe tulikuwa tunaishi nayo! Nikachukua chaki ya Baba nikaandika AgCl mahali pa jina juu ya kila betri iliyokuwa mbele yangu. Kesho yake dereva mmoja, Juma Kigwe, akaja kuchukua betri yake, akaigeuza na kuigeuza, akamuuliza Baba huyu AgCl ni nani na amelichukuaje jina lake. Niligombezwa, lakini hata Baba aliuma mdomo asicheke, na kicheko kilikuwa hakijapita kwetu siku nyingi.

Na katikati ya wazimu huo, siku ya Alhamisi, Mwalimu Nafula akasema jambo dogo tu: kwamba kloridi hiyohiyo, ukiipitishia umeme, inaweza kutoa gesi ya klorini, ile inayonuka kama dawa ya kisima. Kalamu ilinidondoka. Umeme! Kwetu kuna chaja mbili zinapitisha umeme kutwa nzima. Ikiwa maji ya Salim Bakuli yana kloridi, basi nilichonusa hakikuwa mafua. Na ulimi wa Baba? Baba alikulia maji ya kisima kama sisi sote wa pwani. Ulimi wa hivyo huona chumvi ikizidi. Ikiwa kidogo, huiita utamu.

Nitasema niliyoyafanya bila kuyapamba. Siku hiyo zamu ya kuosha vioo ilikuwa yangu. Nilikuwa na vichupa viwili vya dawa ya macho vilivyokwisha. Kimoja nikakitia naitreti ya fedha, labda nusu kijiko cha chai. Kingine nikakitia asidi ya naitriki, kwa sababu mwalimu alituonya tuanze na asidi, isije kaboneti iliyomo majini ikayageuza meupe na kutudanganya. Nilimimina haraka, matone yakaniangukia vidoleni. Nikajifuta kwenye sketi nikatoka.

Nyumbani nilipanga bilauri mbili juu ya sanduku. Ya kwanza maji ya mvua kutoka ile chupa ya kabatini. Asidi tone moja, fedha matone mawili. Nikangoja. Maji yakabaki maji. Ya pili maji ya Salim Bakuli. Asidi tone moja, yakabaki maji. Fedha tone moja tu, na kabla halijafika chini wingu jeupe likafunguka kama ua. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikamwita Baba, nikamfanyia tena, nikamwandikia mlinganyo sakafuni, nikamfutia sodiamu, nikamfutia naitreti. Hakujua kusoma vizuri, lakini alifuata kidole changu. Akarudi kuyaonja yale maji, akatikisa kichwa, akayaonja tena. Kisha akauliza dawa hii nimepewa na nani. Nikasema nimepewa na mwalimu. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa Baba.

Jumapili walikuja wote, na watazamaji juu yake. Msahafu ulikuwa umeletwa, umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Baba akaomba jambo moja tu, kwamba binti yake aonyeshe kitu kabla hajaambiwa aape. Harun alisema hatukuja kwa mchezo wa watoto, lakini Juma Kigwe akasema muacheni AgCl aonyeshe, na watu wakacheka, nikapata nafasi yangu. Salim Bakuli alikuwapo, alikuja kuuza. Nilimwomba maji kutoka kibakuli chake mwenyewe, mbele ya watu wote, naye akanipa kwa madaha. Nilipodondosha tone, uwanja mzima ulisema "Aa!" kwa pamoja. Nikawaambia kile cheupe ni chumvi inayojitangaza, na ndiyo iliyokula pleti zao.

"Hata ya mferejini yatageuka," Salim alisema. "Huyu mtoto atuchezea kiinimacho."

"Yatageuka, ami Salim," nikamjibu. "Ya mferejini nayo yana kloridi, dawa wameyatia. Ndiyo maana hatuyatii kwenye betri."

Juma akaenda kwenye lori lake akaleta chupa ya maji ya betri aliyonunua mjini, haijafunguliwa. Nikatia asidi, nikatia fedha. Wanaume wazima waliinama mpaka vichwa vikagongana. Hakuna kitu. Maangavu kama yalivyotoka. Hapo kelele zikaanza, na mzee mmoja akamuuliza Salim maji anayachota wapi.

"Mtopanga."

"Ulituambia kiwandani."

"Kisima si changu mimi," Salim akasema, jasho linamtoka. "Mimi mchukuzi tu. Muulizeni mwenyewe." Na macho yake, kabla hajayazuia, yakaenda kwa Bwana Harun, ambaye kila mtu alijua ana nyumba ya kupangisha Mtopanga yenye kisima uani. Harun akatazama saa yake. Njia ya mwongo ni fupi. Msahafu ulirudishwa msikitini bila kufunguliwa kitambaa, Juma Kigwe akanibeba begani kama mtoto mdogo, na Baba, ambaye hakuwa mtu wa kugusa watu, aliniwekea mkono kichwani. Ningekufa saa ile ningekufa nimeshiba.

Sikufa. Jumatatu niliamka vidole vyangu vitatu vimekuwa vyeusi, kwa sababu naitreti ya fedha ikikaa kwenye ngozi na ikaonwa na jua huacha weusi usiotoka kwa sabuni wala kwa jiwe. Sikulijua hilo. Harun, mtu wa halmashauri, alifika shuleni kabla ya kengele kuuliza mwanafunzi amepataje dawa ya maabara. Mwalimu mkuu, Bwana Kilonzi, alitusimamisha mistari, akasema tunyooshe mikono. Huyo ni wa tatu. Mwalimu Nafula aliitwa aseme kama alinipa. Neno moja lake lingetosha. Alitazama viatu vyake, akasema hapana, hakunipa. Na ni kweli hakunipa, lakini hakusema pia kwamba ni matone machache tu, wala kwamba nilifanya kile alichonifundisha. Huyo ni wa nne, na ndiye aliyeniuma zaidi ya wale watatu.

Bwana Kilonzi hakutaka kunifukuza, hilo nalisema kwa haki. Alitafuta mlango. Alimwita Baba, akamwambia aandike tu, na kuapa mbele ya halmashauri, kwamba dawa ile aliinunua yeye dukani mjini. Harun atanyamaza, faili litafungwa, mtoto atarudi darasani kesho. Tulitembea kurudi nyumbani. Nilikuwa na hakika ataapa. Baba aliketi juu ya betri, akazitazama chaja zake mbili ambazo bado zilikuwa zake.

"Walinitaka niape nisilolijua, nikakataa," akasema. "Leo wataka niape ninalolijua kuwa ni uongo."

"Ni kwa ajili yangu, Baba."

"Najua."

"Mimi nilikuokoa."

"Najua, mwanangu," akasema, akainuka kwenda kuwasha chaja. Basi wa tano ni yeye. Nimelisema. Nilimpenda mpaka siku tulipomzika, na malori yalijipanga barabarani kumzika mtu ambaye hakuwahi kuapa uongo, na kila aliyenishika mkono alinisifia jambo hilohilo, nami niliitikia amina huku moyo ukichachuka kama asidi.

Siku hizi betri zinakuja zimezibwa, hakuna kifuniko cha kufungua wala maji ya kujaza. Nina duka dogo Mishomoroni, nauza na kutengeneza betri za sola, na vijana wanaokuja na digrii zao huniuliza mambo. Salim Bakuli ana maboza manne ya maji yenye jina lake ubavuni. Harun alikufa akiwa Haji. Mwalimu Nafula nilikutana naye mara moja sokoni, amezeeka, akaniuliza kama mimi si yule; nikamwambia si mimi. Binti yangu wa mwisho alipofaulu kwenda chuo kusomea maabara za hospitali, nilihangaika mpaka nikasikia kuna wafadhili wanaosomesha yatima. Baba yake hajafa. Yuko Voi, ana mke mwingine na mbuzi wengi, na hajatuma hata salamu miaka kumi na miwili. Karani wa ofisi ya wadi alinisogezea fomu, kijana mwenye adabu, akanisomea taratibu: hapa mama unathibitisha kwamba baba wa mtoto amefariki, na hapa chini ni kiapo, ukisema uongo ni kosa la jinai. Akaniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia nimeelewa vizuri sana. Nikatia sahihi, nikamrudishia kalamu yake, nikauliza kama kuna mahali pengine pa kutia.